Mwokaji Aliyeacha Mkate

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Chembe alikuwa na kazi moja katika bekari ya baba yake: kupima madonge. Baba alikata unga uliokandwa kwa kisu kipana, akamsukumia donge, naye akaliweka kwenye mizani. Likizidi alilimega, likipungua aliliongeza, kisha akalipanga kwenye trei lisubiri kuumuka. Shuleni alikuwa na jina lake kamili, refu na la heshima, lakini nyumbani hakuna aliyelitumia. Alipozaliwa alikuwa mdogo mno, baba akamtazama binti yake akasema, "Huyu ni chembe ya ngano," na jina likamganda.

Bekari ilikuwa chumba kirefu nyuma ya nyumba yao, chenye tanuri la matofali upande mmoja na duka dogo upande wa barabarani. Dukani alikaa Shangazi, dada mkubwa wa baba, mwanamke ambaye wateja walisikia sauti yake kabla hawajasikia harufu ya mkate. Mama hakuwepo asubuhi. Yeye alishona sare kiwandani, na gari la wafanyakazi lilimchukua mapema sana.

Bekari ile ilikuwa na desturi yake. Mkate wa kwanza kutoka tanurini hauuzwi. Baba aliuleta dukani ungali wa moto, akaumega mbele ya wateja waliopanga foleni, akala kipande huku amefumba macho, kisha akatangaza, "Umeiva!" Hapo ndipo Shangazi alipoanza kuuza. Babu alifanya hivyohivyo enzi zake. Wapo wateja waliowahi ili waone tendo hilo tu, maana walisema mwokaji asiyekula mkate wake ana jambo analolijua.

Siku hizi baba aliumega mkate vilevile, akafumba macho vilevile, akatangaza kwa sauti ileile. Ila hakula. Alitafuna hewa. Kipande kiliteleza kutoka kiganjani hadi mfukoni mwa aproni yake, na alipofika nyuma, mbali na macho ya watu, alimpa Chembe. Chembe alikila harakaharaka akiwa amegeukia ukuta. Mkate ulikuwa mzuri, lakini hakuufurahia hata siku moja, kwa sababu alikuwa anaogopa.

Mambo yalianzia kliniki. Baba alikuwa na ugonjwa wa kisukari, na alikuwa mnene. Hilo si tusi, wateja wenyewe walimtania kwamba ameumuka kuliko mikate yake, naye alicheka nao. Nesi wa kliniki alimwambia kila alipokwenda, "Punguza uzito taratibu. Punguza mkate, tembea jioni, kula kwa wakati, na dawa usiziache." Baba aliitikia ndiyo, akarudi nyumbani, akala kama kawaida. Lakini mwaka huo kaka yake mkubwa, aliyekuwa na ugonjwa huohuo, alikatwa mguu. Baba alikwenda kumwona hospitalini, kisha akarudi bekari. Aliketi kwenye gunia la unga akiitazama miguu yake mwenyewe, miguu ambayo ilimsimamisha mbele ya tanuri kila siku ya Mungu.

Muda si mrefu baadaye, mteja mmoja aliyeitwa Misuli alikuja kuagana na mkate. Misuli alifundisha watu mazoezi na kunyanyua vyuma, na mabega yake yalipita mlangoni kwa taabu.

"Sinunui tena, Bwana Mkate," alisema. "Usinichukie. Nimeanza mlo wa watu wa kale."

"Watu gani hao?" baba aliuliza.

"Wale wa zamani za mapango, kabla ya kilimo. Walikula nyama, samaki, mayai, majani, matunda na karanga za porini. Hakuna mkate, hakuna wali, hakuna maharage, hakuna maziwa, hakuna sukari. Wenyewe wanauita paleo. Nimepungua, tazama!" Akavuta suruali yake kiunoni. Kisha akamtazama baba vizuri. "Ila wewe usikurupuke. Huna ugonjwa wowote? Hutumii dawa?"

Baba alipangusa mikono kwenye aproni. "Mimi? Mzima kama chuma."

Chembe alikuwa nyuma yake, donge mkononi. Alishtuka hata akasahau kulipima. Hakuwahi kumsikia baba yake akisema uongo mchana kweupe, na tena bila kupepesa jicho.

Siku hiyohiyo baba alimwita karibu na tanuri, mahali ambapo sauti ya Shangazi haikufika, na ni pachache mno mahali pa namna hiyo. "Chembe, wewe ni mtu wangu. Nimeanza ule mlo. Mama yako asijue, Shangazi asijue, Nesi asijue. Siku ya kliniki nitapanda kwenye mizani yao, niwaache midomo wazi. Na wateja wakijua mwokaji haligusi tonge la mkate, tutafunga duka. Umenielewa?"

"Nimeelewa, Baba. Lakini dawa zako?"

"Dawa nameza kama kawaida. Sijaacha hata kidonge. Haya, niahidi."

Chembe aliahidi. Nani atakataa kuitwa mtu wa baba?

Basi ikawa kazi yake ya pili, nayo ilikuwa ngumu kuliko ya madonge. Mama akipakua wali, baba alimsubiri ageuke, kisha sahani mbili zikabadilishana mahali chini ya pua yake. Chembe alikula wali wake na wa baba, viazi vyake na vya baba, maharage yake na ya baba. Baba alibaki na nyama na mboga za majani. Sare ya shule ilianza kumbana Chembe tumboni. Mama akafurahi, akamwambia jirani, "Mwanangu sasa anakula, mashaallah," na Chembe akaona aibu hadi masikioni.

Tusimsingizie baba, mlo ulifanya kazi. Mkanda wake uliingia tundu jipya, kisha akatoboa tundu jingine kwa msumari. Alipanda ngazi za stoo bila kuhema. Alimwonyesha Chembe mashavu yake kwenye kioo kilichopasuka karibu na beseni na kusema, "Unamwona kijana huyu? Alikuwa amejificha ndani ya mkate." Walicheka mpaka Shangazi akauliza kulikoni. Siku kama hizo Chembe alijiambia kwamba anaogopa bure.

Lakini baba alikuwa na kichekesho kingine ambacho Chembe hakukipenda. Asubuhi alimeza vidonge vyake kwa maji matupu, kisha akaanza kukanda bila kutia kitu tumboni. Chembe alipomuuliza, alijibu, "Mwindaji hali akiamka. Huwinda kwanza." Na windo lake, yai au kipande cha samaki, mara nyingi lilifika jua likiwa limeshapanda.

Ndipo dalili zilipoanza. Kwanza mikono. Baba, ambaye aliweza kukunja mkate akiwa amefumba macho, alianza kutetemeka hata donge likamponyoka. Kisha hasira. Alimfokea Shangazi kwa sababu ya kijiko, na muda mfupi baadaye hakukumbuka kwamba amemfokea. Siku moja mikate yote ilitoka bila chumvi, na wateja wakairudisha wakinuna. Shangazi aliweka mikono kiunoni. "Mdogo wangu, una nini? Au umepata mchumba?"

"Joto tu," baba alisema. "Tanuri hili litaniua."

Na kweli alikuwa akitokwa na jasho. Katika bekari kila mtu hutokwa na jasho, hakuna anayelitilia mashaka. Ila Chembe alimwona akilowa asubuhi ya mvua, tanuri likiwa bado halijawashwa, naye Chembe akiwa amejifunika kanga ya mama kwa baridi. Alitaka kumwambia mtu, lakini kila akifungua mdomo alisikia sauti ya baba: wewe ni mtu wangu.

Jioni moja mama alimwita wakati wanaanika nguo. "Chembe, niambie ukweli. Baba yako anakula vizuri? Namwona anasinyaa."

Chembe alikazana kuminya shati ambalo mama alikuwa ameshaliminya. "Anakula, Mama."

"Una hakika?"

"Anakula sana."

Mama alimtazama kidogo, kisha akashika kapu la vibanio na kuingia ndani. Chembe alibaki pale kwenye kamba. Usiku huo hakulala vizuri. Kila alipofumba macho alimwona baba mkubwa na mguu wake uliokatwa, kisha sura ile ikageuka ikawa ya baba.

Kesho yake alijipa moyo, akamwambia baba palepale mezani penye unga, "Baba, tumwambie Nesi. Naogopa."

"Unaogopa nini na wewe! Kliniki ni wiki ijayo. Umevumilia mpaka hapa, sasa unataka kuharibu?" Sauti yake ilikuwa kali, kisha ikalegea. "Vumilia kidogo, mwanangu. Nitakununulia viatu vipya."

Chembe hakutaka viatu. Lakini alirudi kwenye mizani yake.

Jumamosi iliyofuata hapakuwa na shule, na wateja walikuwa wengi. Baba alimeza vidonge vyake, akakanda, akaoka, akaenda dukani kufanya igizo lake la mkate wa kwanza. "Umeiva!" alisema, na Chembe akaona kwamba safari hii alishika ukingo wa meza ili asiyumbe. Kipande cha mkate kilipita mfukoni kama siku zote, kikaja kwake. Baba akarudi mezani kukata madonge. Yai lake alikuwa hajalichemsha.

Chembe aliweka donge la kwanza kwenye mizani, likawa zito mno. La pili likawa dogo kama yai la njiwa. La tatu halikuja. Aliinua macho. Baba alikuwa amesimama na kisu mkononi, anautazama unga kana kwamba ni mara yake ya kwanza kuuona.

"Baba?"

"Dada, leta... leta ile... ya maji." Alikuwa anamwita Chembe kwa jina analomwita Shangazi. Ulimi wake ulikuwa mzito. Jasho lilimtiririka kutoka kwenye paji la uso hadi shingoni, likadondoka kwenye unga.

"Baba, weka kisu chini. Tafadhali, Baba."

Kisu kilianguka chenyewe. Baba alirudi kinyumenyume, akakalia gunia kwa kishindo hata vumbi la unga likatimka. Chembe alimshika mkono. Alitegemea joto la tanuri, lakini mkono ulikuwa baridi, umelowa, na ulikuwa ukitetemeka hadi begani. Chembe hakuwahi kuogopa namna ile maishani mwake.

Akakumbuka jambo. Zamani kidogo alimsindikiza baba kliniki, na Nesi alisema kitu kuhusu kutetemeka na jasho, na kitu kitamu mdomoni. Lakini alisema uweke au usiweke? Chembe siku hiyo alikuwa anatazama samaki waliochorwa ukutani, hakusikiliza vizuri. Gunia la sukari lilikuwa hatua chache tu kutoka alipokuwa. Alichota kwa mkono, akarudi mbio, ngumi imejaa sukari.

"Weka chini!" Shangazi alikuwa mlangoni, ameshika kichwa. "Unataka kunimalizia mdogo wangu? Mtu ana ugonjwa wa sukari, wewe unampa sukari?" Alimpiga Chembe mkono, na sukari ikamwagika sakafuni.

Chembe alibaki amesimama, mkono mtupu. Huenda Shangazi alisema kweli. Huenda alikuwa karibu kumuua baba yake kwa mkono wake mwenyewe. Na huenda alikuwa anamuua sasa hivi kwa kusimama tu. Hakujua, na hakuna hofu inayoumiza kama ile ya kutojua.

"Piga simu, Shangazi! Mpigie Nesi!"

Shangazi alikuwa na namba ya Nesi kwa sababu Nesi huagiza mkate wa jioni. Vidole vyake vilibonyeza hiki na kile mpaka simu ikaita. Akaweka sauti kubwa, akaeleza kwamba baba amelegea na ulimi umekuwa mzito, na sauti ya Nesi ikajaza chumba, tulivu kabisa.

"Ametumia vidonge asubuhi?"

"Ametumia," Chembe alisema.

"Amekula?"

"Amekula!" Shangazi alidakia. "Nimemwona kwa macho yangu haya! Watu wote wamemwona! Kala mkate, kasema umeiva!"

Nesi aliuliza tena. "Amekula mkate baada ya vidonge? Una hakika kabisa? Basi tafuteni gari mumlete hapa, nimpime nijue ni..."

Gari! Gari la kutoka wapi? Chembe alimtazama baba. Kichwa chake kilikuwa kimeinamia kifuani, lakini alikiinua, kwa shida sana, na macho yake yakamtafuta binti yake. Midomo ilitikisika.

"Chembe," alisema polepole. "Tuliahidiana."

Chembe aliitazama simu, kisha akamtazama baba. Hapa baba yake, hapa ahadi yake. Akavuta pumzi, na machozi yakaanza kumtoka kabla ya maneno.

"Hakula, Nesi! Shangazi hajui. Hakula. Mkate nimekula mimi. Kila siku nakula mimi. Hali mkate wala wali wala viazi wala maharage, ameacha vyote, na asubuhi hali kitu chochote, anameza vidonge tu. Niliahidi nisiseme!"

Shangazi aliachama.

Sauti ya Nesi ilibadilika, ikawa ya haraka. "Nisikilize, mwanangu. Umefanya vizuri. Baba anaweza kukaa? Anaweza kumeza?"

"Anaweza."

"Koroga sukari nyingi kwenye kikombe cha maji. Mpe anywe kidogokidogo, sasa hivi. Shangazi amshike asianguke. Akilegea akashindwa kumeza, usimtie kitu chochote mdomoni, mlazeni kwa ubavu. Mimi nakuja."

Chembe hakumbuki alivyofika kwenye gunia wala alivyokoroga. Anakumbuka kikombe kikigonga meno ya baba. Baba alifunga mdomo kabisa. "Sumu," alisema kwa pembe ya midomo. "Hiyo sumu."

"Baba, kunywa."

"Mguu wangu," baba alisema, na sauti yake ilikuwa ya mtoto. "Watanikata mguu."

"Baba, sitaki ufe!" Chembe alilia kwa sauti, na hakujali wateja waliokuwa wanachungulia mlangoni. "Sitaki ufe! Kunywa!"

Sijui kama baba aliyaelewa maneno, au alikisikia kile kilio tu. Alifungua mdomo. Akameza funda moja. Akakohoa, akameza jingine. Shangazi alimshika mabega kwa nyuma huku akiomba dua zote anazozijua, na nyingine alizozitunga palepale. Kikombe kilikwisha. Hakuna kilichobadilika. Jasho lilikuwa lilelile, mikono ileile inatetemeka. Mkate uliokuwa tanurini ulianza kunuka moshi na hakuna aliyeinuka kuutoa. Chembe alimkodolea baba macho bila kupepesa, akiogopa kwamba akipepesa atamkosa.

Kisha baba alishusha pumzi ndefu. Akapangusa uso kwa mkono uliojaa unga, akaangalia huku na huku, akanusa.

"Nani anaunguza mikate yangu?" aliuliza.

Shangazi aliangua kilio, kisha kicheko, kisha vyote viwili kwa pamoja. Chembe aliketi chini sakafuni, juu ya sukari iliyomwagika.

Nesi alifika akihema, mkoba begani. Alimtoboa baba kidole, akasoma kifaa chake kidogo, akatikisa kichwa. "Sukari imeanza kupanda lakini bado iko chini. Mpeni mkate, sasa hivi, na mara hii nataka nione anameza. Halafu tunakwenda hospitali. Vidonge hivi hufanya kazi muda mrefu. Sukari inaweza kushuka tena."

Baba alikula. Hakufumba macho wala hakutangaza chochote.

Hospitalini walimlaza kitandani karibu na dirisha, na kila baada ya muda walikuja kumtoboa kidole. Hapo ndipo alipomsimulia Nesi habari za Misuli na mlo wake. Mama alifika kutoka kiwandani akiwa bado na uzi begani. Chembe alijibanza nyuma ya mlango. Hofu ya kwanza ilikuwa imeondoka, na nyingine imeingia: sasa kila mtu anajua, na baba anajua nani amesema.

Mama alimsikiliza Nesi hadi mwisho. Kisha akamgeukia mumewe. "Kwa hiyo mimi napika, wewe unanichezea kiini macho mezani kwangu?"

"Mama Chembe, nilitaka..."

"Sijamaliza. Ungenifia mimi nikiwa nashona vifungo!" Akafunika uso kwa viganja, na mabega yakatikisika.

Nesi alimwacha atulie, kisha akavuta kiti. "Bwana Mkate, nikwambie jambo. Sikatai upungue. Ukipunguza mkate na sukari, ukala mboga na samaki, hakuna atakayekugombeza. Lakini vidonge vile kazi yake ni kushusha sukari mwilini, na tulivipima kwa mtu anayekula mkate, wali na viazi. Ukaviondoa vyote, ukakaa na njaa, na vidonge ukaviacha vilevile. Vikashusha mpaka pasipo na kitu cha kushusha. Mlo ule wa rafiki yako unaweza kumfaa yeye asiye na dawa. Wewe ulipaswa kuja kwangu kabla ya kuanza, tukae na daktari, tupange chakula na dawa pamoja. Misuli hakukuuliza?"

"Aliniuliza," baba alikiri. "Nilimwambia mimi mzima kama chuma."

"Na nyinyi nyumbani," Nesi aliendelea, akimtazama Shangazi, "mtu wa kisukari anayemeza dawa hizi akitetemeka na kutokwa na jasho baridi, na bado anaweza kumeza, mpeni kitu kitamu kwanza, mniite halafu. Shangazi ulikosea kwa mapenzi, lakini kosa lile lingeweza kutugharimu." Shangazi aliinamisha kichwa, akafinya ncha ya kanga yake.

"Chembe yuko wapi?" baba aliuliza.

Chembe alijitokeza hatua moja. "Samahani, Baba. Nimevunja ahadi."

"Njoo hapa."

Alikwenda polepole, akitazama vidole vyake vya miguu. Baba alimshika mkono. Sasa mkono wake ulikuwa na joto, joto la kawaida la mtu anayeishi.

"Mimi ndiye wa kuomba samahani," alisema. "Nilikupa siri yangu kwa sababu nilikuwa naogopa, na sikutaka mtu yeyote mzima aone kwamba naogopa. Nilipomwona kaka hospitalini na shuka limelala bapa pale ambapo mguu ulipaswa kuwa, nilidhani nitakimbia mbio kuliko ugonjwa. Nikakutwisha wewe hofu yangu ukaibeba kimya. Hilo halikuwa haki."

"Mimi pia niliogopa," Chembe alisema. "Kila siku."

"Najua. Uliniambia, nami nikakuahidi viatu." "Sikiliza, mwanangu, na ukumbuke hata nikizeeka. Kuna siri ya zawadi, ile unayoficha ukiwa unacheka. Hiyo itunze. Lakini mtu mzima akikupa siri inayokunyima usingizi, hata akiwa baba yako, usiitunze. Hukuvunja ahadi leo. Mimi ndiye sikupaswa kuidai."

Mama alikaa ukingoni mwa kitanda, akamvuta Chembe katikati yao. "Nilikuuliza pale kwenye kamba," alisema, bila ukali.

"Nilikudanganya, Mama."

"Ulidanganya, na ungesema siku ile tusingefika hapa. Usirudie." Kisha akamkumbatia kwa nguvu hata Chembe akakosa hewa.

Baba alipapasa shuka mpaka akaipata miguu yake, akaishika yote miwili kwa mikono miwili, na mbele ya mke wake, dada yake, Nesi na binti yake, akasema kile ambacho hakuwahi kukisema kwa mtu mzima yeyote.

"Naogopa."

Nesi alivuta kiti karibu zaidi. "Vizuri," alisema. "Sasa naweza kukutibu."